Ukiwaita, Ukae Ule Nao

Otilia mwanangu,

Sitakuuliza kama u mzima, maana asubuhi nimekuona ukikwangua ukoko wa sufuria kama mtu asiyejua kwamba huko aendako pia watu wanapika. U mzima. Mimi nami mzima, ila goti. Tusipoteze karatasi.

Umekwenda Mkumbi kuwaaga shangazi zako, nami nawajua, hawatakuachia mpaka wakumalize kwa ugali. Nimechukua kalamu yako, nimekuja kukaa kwenye nyumba ya mashine, nimefunga mlango. Kesho lori likiteremka kwenda ziwani hutasikia neno kwangu. Nitakufungia viazi, nitakusukuma upande, basi. Maneno yangu yako humu. Nimeona niandike kwa sababu nikisema utanijibu, na ukinijibu nitakasirika kama juzi. Karatasi hainikatizi. Na naandika Kiswahili kwa sababu herufi nilifundishwa kwa Kiswahili, kule kwenye kisomo cha watu wazima, sisi tukisoma na watoto wakitunyonya. Halafu kwa Kimatengo ningekulainishia. Sitaki kukulainishia.

Mambo ya kuchemsha maji ya kunywa, kufunga mlango, kuogopa vijana wenye baiskeli mpya, hayo shangazi zako watakuwa wameshayamaliza. Mimi nalitaka lile neno lako la juzi.

Tulikuwa tunapura maharage. Ukanieleza kazi yako: utakuwa mhamasishaji wa shirika, utapita vijiji vya pwani ya ziwa, utawaita watu walete mawe na mchanga, zahanati ijengwe. Ulikuwa unang'aa uso. Nikakuuliza, "Na hao wabeba mawe wakitaka kujua mambo yamefikia wapi, nani atawajibu?" Ukacheka. Ukasema, "Bibi nawe! Hao ni watu wa kujitolea. Hawadai kitu."

Nikasimama. Wewe ulidhani nakwenda kumwangalia mbuzi. Sikwenda kwa mbuzi. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikashika ukuta.

Neno hilo, mke mwenzangu, nililisikia zamani, herufi kwa herufi, kwa mtu mwenye viatu vya kung'aa. Sikutegemea kulisikia tena kutoka kwenye mdomo niliolisha uji kwa kidole changu baada ya mama yako kufariki. Kwa hiyo kaa chini sasa, popote ulipofungulia karatasi hii, unisikilize mpaka mwisho.

Unajua mimi si mtu wa milimani, ila unasahau. Nimezaliwa kule kule unakokwenda, kwenye mchanga, kwenye usipa, wale dagaa wetu wa kuanika. Babu yako alinipandisha huku nikiwa msichana, nikakuta baridi, nikakuta lugha nyingine, nikaitwa Mnyasa mpaka nikadhani ndilo jina langu la ubatizo. Msimu wa kwanza nikaona wanawake wanamiminika shambani kwetu na majembe, wanaume wametangulia, wamekata majani wameyalaza kwa mistari iliyokatana. Wanawake wakaanza kuyafukia kwa udongo wanaouchimba katikati, mpaka mlima mzima ukawa mashimo mashimo kama sega la nyuki. Mimi nikamuuliza aliyekuwa karibu yangu, "Mnalipwa nini?"

Alikuwa Gaudensia. Alicheka mpaka akaangusha jembe. Akawapigia kelele wenzake, "Njooni mmsikie Mnyasa! Anataka kujua tunalipwa nini!" Wakacheka mlima mzima. Nilitamani shimo mojawapo linifukie.

Nikafundishwa kwamba ile ni ngokela. Umekua nayo, huioni, kama mtu asivyoiona pua yake. Mwenye shamba anaita, watu wanakuja, anapika. Lakini si chakula kinacholipa. Kazi ikiisha, mwenye shamba anakaa chini na wale waliompigia jembe, wanakula chungu kimoja, na pale pale kwenye kula ndipo anaposema yote. Mahindi ya mwaka jana yaliishia wapi. Mbona fulani hakuja. Kesho nani anaita, naye ataenda. Mama mkwe wangu alikuwa mkali kwenye hilo kuliko kwenye sala. Mtu aliyewaita wenzake halafu akaenda kula ndani na mlango umefungwa, msimu unaofuata alilima na mke wake tu, na mke wake alikuwa amenuna.

Basi, kukaja wakati wa ruksa, kila mtu anaruhusiwa biashara. Chama cha ushirika kikawa kinakufa huku tunakitazama, kahawa ikawa inanunuliwa na watu wa kila namna, kila mmoja na mizani yake, kila mizani na uongo wake. Ile mashine ya kusaga ya kijiji tuliyoipata enzi za ujamaa ilikufa, mkanda ukauzwa, chuma kikabaki kuku wanatagia. Tukawa tunajitwika mahindi mpaka Mbinga kusaga na kurudi, na mtoto mgongoni. Mtoto mmojawapo ni wewe, na ulikuwa mzito.

Ndipo gari la shirika likapanda huku kwetu. Akashuka kijana mmoja, sisi tulimwita Mratibu kwa sababu alisema ndiye mratibu. Hakuwa mtu wa huku. Na nisikudanganye, nilimpenda. Alisalimia wazee kwa kuinama kabisa, alikula mhogo wa kuchoma bila kuufuta, aliniita Mama. Usidhani watu wa namna hiyo wanakuja na pembe.

Akaitisha mkutano. Akasema wafadhili wa Ulaya watatoa mashine ya kusaga, na sisi walengwa tutatoa nguvu: mawe, mchanga, matofali ya kuchoma, nyumba ya kuiwekea mashine. Nikanyoosha mkono.

"Walengwa ndio akina nani?"

"Ndio nyinyi, Mama. Mliolengwa na mradi."

"Mmetulenga kwa upinde au kwa gobore?"

Watu waliangua kicheko, na Mratibu naye akacheka, akaniandika jina. Nikajiona mjanja. Nilitembea kutoka pale mkutanoni nikiwa nimenyoosha shingo kama jogoo.

Lakini kabla hatujatawanyika aliniomba kitu kidogo. Pale palikuwa na bibi wengi ambao Kiswahili chao kiliishia kanisani. Akasema, "Mama, waambie kwa Kimatengo kwamba kazi hii ni ya kujitolea." Nikalitafuta neno. Nikapekua kichwa changu chote, sikupata neno la Kimatengo linalosema fanya kazi, nenda zako, usiulize. Halipo. Nikawaambia, "Ni ngokela."

Laiti ungeona nyuso zile. Bibi waliokuwa wanasinzia wakakaa vizuri. Kama ni ngokela wanaijua. Aliyeita atakaa nao, atakula nao, atawaambia. Kesho yake walikuja na majembe hata wale ambao sikuwa nimewategemea, wanawake wenye migongo iliyopinda kama mundu. Kumbe shirika halikuita ngokela yoyote. Ngokela niliiita mimi, kwa mdomo wangu, kwa niaba ya watu ambao sikuwa nimewauliza kama wanajua kukaa chini.

Tulibeba mawe kutoka mtoni. Tulichoma matofali. Wewe uliachwa kivulini na watoto wenzako mkila udongo. Mashine ilipoletwa, lori likashindwa kuvuka daraja la magogo, basi tukaishusha, tukaifunga kwenye miti, tukaibeba mabegani, wanaume mbele, sisi nyuma. Kwenye mteremko ikaponyoka. Ikamwangukia Gaudensia kwenye kidole gumba cha mguu, na yenyewe ikabonyea pembeni, pale kwenye bakuli la kumiminia mahindi. Ule mbonyeo tukauita Kidole cha Gaudensia. Yeye mwenyewe alikuwa anawaonyesha watu, anasema, "Mashine hii ni ndugu yangu, tumeumia siku moja."

Siku ya kufungua akaja mama mmoja wa kizungu, mzee, nywele nyeupe, mpole, matope yamempanda mpaka magotini naye hajali. Akakata utepe. Mashine ikaunguruma, ikasaga debe la mahindi, wakapiga picha, unga ukamrukia usoni akacheka, sisi tukapiga vigelegele. Na mimi nilikuwa nimepika. Wanawake wa mlima mzima walikuwa wamepika. Maharage, ugali, kuku ambaye nilikuwa nimemwahidi Mtakatifu Antoni. Nikaenda kwa Mratibu nikamwambia, "Haya, wageni wakae, tule."

Akatazama saa. "Mama, wageni wana ratiba. Chakula chao kiko Mbinga."

"Basi kaa wewe."

"Nawaendesha mimi, Mama."

Magari yakaondoka. Vyungu vikabaki vinafuka moshi. Wanawake wakanitazama mimi. Gaudensia, na mguu wake umefungwa kitambaa, ndiye aliyeniuliza: "Mama Veronika, mwenye shamba anakula wapi?"

Nikasema, "Watarudi."

Kweli walirudi. Mahindi mapya hayajakauka, lori likaja, likaichukua mashine. Inakwenda Songea kufanyiwa matengenezo, wakasema. Mashine mpya, Otilia! Iliumwa nini? Wanaume wetu wakasaidia hata kuipandisha, kwa sababu walikuwa wameambiwa na watu wenye karatasi.

Tukangoja. Mwisho nikateremka Mbinga, mimi na Gaudensia anayechechemea, tukaketi kwenye benchi la ofisi yao mpaka Mratibu akaona aibu ya kutupita. Akatuingiza, akatupa soda. Nikamwambia sikuja kunywa. Nimekuja unieleze mashine iko wapi na itarudi lini, nikawaambie walionituma.

"Mama, taarifa za mradi tunazitoa kwa wafadhili. Ndio waliotoa fedha."

"Na sisi tuliotoa migongo?"

"Nyinyi ni walengwa, Mama."

"Nisikilize, kijana. Huyu mwenzangu ametoa kucha. Mfadhili wako ametoa kucha?"

Akapumua kama mtu anayemfundisha mtoto. Akasema, "Mama yangu, kazi ile mlijitolea. Watu wa kujitolea hawadai kitu."

Umesikia? Ndiyo maana nilishika ukuta.

Gaudensia alikunywa soda yake, na yangu, akalia njia nzima ya kurudi. Mimi sikulia. Nilikuwa nalitafuna lile neno.

Haukupita muda mrefu, tukasikia kwamba upande wa pili wa mlima kuna kijiji kinafunguliwa mashine, na mama yule wa kizungu anakuja tena. Nikajua. Sikuhitaji kuambiwa na mtu. Nikawaambia wanawake, "Pikeni." Wakapika. Tukajitwika vyungu tukavuka mlima, msururu mrefu, tukafika watu wameshakaa, utepe umeshafungwa, na mashine ile pale imepakwa rangi ya bluu. Yetu ilikuwa nyekundu.

Mratibu alipotuona alitabasamu kwa meno tu. Hakuweza kutufukuza, tumebeba chakula, wageni wanatazama. Nikatua chungu changu mbele ya meza kuu, nikaomba kusalimia. Nikaongea Kiswahili, pole pole, mbele ya watu wote. Nikamwambia yule mama kwamba mashine hii ni yetu, umeshaifungua kwetu, imechukuliwa, imepakwa rangi. Nikamwambia watu waliokubebea mashine hawajui kitu, na wewe uliyetoa fedha hujui kitu, tuko sawa, mimi na wewe tumefanywa wajinga pamoja. Niliongea mpaka koo likakauka. Mratibu akasimama kutafsiri. Akasema maneno mafupi tu. Na yule mama akapiga makofi!

Kiingereza sijui hata cha kuomba maji. Lakini nani anapiga makofi akiambiwa ameibiwa?

Nikasema, "Hajatafsiri huyu!" Watu wakaguna. Mratibu akaninong'oneza, "Mama, kaa chini, nakuomba, nitakueleza baadaye." Na palikuwa na Sista mmoja kati ya wageni, wa hospitali ya misheni, mfupi, mwenye miwani. Akasimama wima. "Sivyo alivyosema," akasema kwa Kiswahili. "Huyu mama hakushukuru. Nitasema mimi alichosema." Akakisema chote, neno baada ya neno.

Mratibu akasema mashine zinafanana. Hapo ndipo Gaudensia alipojikongoja mpaka mbele, akavua kandambili, akapandisha mguu wake kwenye kile chuma, akaweka kidole kisicho na kucha kwenye ule mbonyeo uliopakwa bluu. Kiliingia kama yai kwenye kiota.

Yule mama wa kizungu aliangalia mguu, akaangalia mashine, akaziba mdomo kwa mkono. Akalia. Mratibu naye, nikupe haki yake, hakukimbia. Alisema kwa sauti ndogo, Sista akitafsiri, kwamba fedha iliyofika ilitosha mashine moja, na Ulaya walitaka picha za vijiji vingi. Alisema, "Nami nina bosi." Nilimtazama, nikaona kijana tu. Nadhani kama angelisema hilo siku ile ya kwanza, palepale kwenye vyungu vyetu, tungegawana ile mashine kwa zamu na watu wa upande wa pili, tungeibeba wenyewe. Sisi kubeba tunajua.

Unajua wewe watu wanavyosimulia, wanaishia hapo. Mnyasa aliyemtoa jasho Mratibu. Vijana wa pale sokoni wananisalimia mpaka leo, "Bibi Gobore, shikamoo!" Sasa mimi nakupa kilichofuata, kwa sababu ndicho kilichonifunza.

Wafadhili waliondoka. Mashine ikachukuliwa, wanasema iliuzwa. Shirika likafunga ofisi. Machozi ya yule mama hayakusaga hata kibaba. Aliyetoa fedha alipewa maelezo yake, tena nadhani kwa karatasi nyingi, na Mratibu alipoteza kazi. Kwetu hakuna aliyepanda kutuambia lolote. Walijibizana wenyewe kwa wenyewe huko juu ya vichwa vyetu, wakamaliza, wakaona haki imetendeka.

Na watu wakanigeukia mimi. Wa upande wa pili wakasema tumewanyima mashine kwa wivu. Wa kwetu wakasema nimefukuza wafadhili, sasa hata wale waliokuwa wanaleta miche na dawa ya mifugo hawatakuja. Na Gaudensia, Gaudensia wangu, mwanawe mkubwa alikuwa mlinzi kwenye ile ofisi ya Mbinga. Kazi ikaisha, kijana akaenda kutafuta maisha Tunduru kwenye mawe ya thamani, hakurudi kwa miaka. Gaudensia akaja mlangoni kwangu. Akasema, "Mguu niliutoa mwenyewe. Mtoto hukuniuliza."

Nilimjibu vibaya. Nilimwambia bila mimi angekuwa bado anakunywa soda za watu. Akaondoka.

Msimu ulipofika nikaita ngokela. Nikapika maharage chungu kikubwa kile chenye ufa. Hakuja mtu. Hata mmoja, Otilia. Wewe ulikuwa mdogo, ukafurahi, uliona maharage yote ni yako, ukawa unayala asubuhi na jioni unaimba. Mimi nilifukia peke yangu mlima ule na jembe, nikitukana, na nilikuwa natukana kila mtu isipokuwa mwenye makosa.

Sikiliza sasa. Kusema sijutii. Nikiwekwa tena mbele ya meza ile nitasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na goti hili hili bovu nitavuka mlima. Anayetaka nijute kwa hilo aje mwenyewe aniambie, nimpe chakula kwanza. Ila nilipowaambia wanawake "Pikeni," sikuwaambia tunakwenda kupoteza nini. Sikukaa nao chini. Niliwaita, nikawatanguliza, nikajua mimi peke yangu kilichomo kwenye chungu. Kile kile nilichomlaumu Mratibu, nilikifanya na kilemba kichwani. Na pale mbele nilipopata sikio la yule mzungu nililewa nalo. Nilitaka anisikie yeye. Nilisahau kumwambia jambo moja tu, panda kwetu, kaa kwenye mavumbi, uwaambie hawa. Nilimpa yeye haki ya kujua, wenzangu nikawaacha wamesimama na vyungu.

Misimu ilipita. Siku moja niko shambani nafukia, nikasikia jembe jingine. Sikuinua kichwa, niliogopa. Nilipoinua nikauona kwanza ule mguu. Gaudensia akasema, "Sijakusamehe. Nimekuja kufukia tu."

Nikamwambia, "Chakula hakuna, sikuita mtu."

"Ulikuwa unaita zamani. Nimechelewa."

Tulifukia mpaka jua likakaa juu ya mlima. Halafu tukala viazi vya jana, nikamwambia yote niliyokuandikia hapa, na jina la mwanawe nikalitaja mimi kwanza, sikungoja alitaje yeye. Hajanisamehe mpaka leo, anasema hivyo kila Pasaka, akiwa ameshika mfupa wa kuku wangu.

Na nyumba hii ninamoandikia, walipotaka kuivunja wagawane matofali, mimi nilikaa mlangoni na jembe. Nikawaambia tumeijenga, itakaa. Ndiyo hii, nyumba ya mashine isiyo na mashine, na umeona kinachofanyika humu. Mtu akichangisha, iwe ya paroko, iwe ya shule, iwe ya maziko, akimaliza anakuja humu, tunapika, anakula, anasema. Mwenyekiti alikataa mwaka ule wa madawati. Alisema yeye ni serikali. Tukampelekea vyungu nyumbani kwake, tukakaa kwenye mlango wake tukala taratibu sana, na mke wake akatoka akakaa nasi akala. Jioni mwenyekiti akasema yote, mpaka ambayo hatukuuliza.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Usidhani nakuzuia. Mashirika mema yapo, Sista yule alitoka kwenye mojawapo, na zahanati naitaka, mama yako alifia njiani tunambeba kwenye machela kwenda hospitali ya Litembo, unajua. Naitaka ile zahanati kuliko wanavyoitaka hao waliokuajiri. Lakini hao utakaowaita wabebe mawe ni watu wangu. Ni watoto wa dada zangu na wajukuu wao. Utawaita kwa sauti yako, na sauti yako imefanana na yangu, wataijua, watakuja. Wakija kwa ajili ya sauti hiyo, deni ni lako, hata kama bosi wako ana karatasi inayosema si lako.

Uliza kabla hujafungua mdomo. Muulize bosi wako nani atakaa nao chini mawe yakiisha. Akikuambia ratiba, mwambie wewe unabaki, gari litangulie. Kutoka pwani mpaka kwako kuna njia ya miguu, na miguu nimekupa mimi. Kama kuna ya kuwaambia, sema, hata yakiwa ya aibu, hasa yakiwa ya aibu. Kama fedha haikutosha, sema haikutosha. Wakikutukana, kula huku unatukanwa. Chakula kinashuka tu, nimejaribu. Na wakikufukuza kazi kwa ajili hiyo, panda urudi, mlima wangu una majani mengi ya kufukia na mimi nimechoka. Sitakuuliza kwa nini umerudi. Nitapika.

Na lile neno la juzi liache hapa. Nimelifagia pamoja na maganda ya maharage.

Jambo la mwisho. Mahindi yakikauka nitateremka ziwani. Sijaona ziwa langu siku nyingi. Lakini sitakuja kwako kwanza, sitaki kitanda chako cha chandarua. Nitashukia kwa watu wangu, nitabeba jiwe langu, dogo, la saizi ya goti langu, nitalipeleka pale mnapojenga. Mkiitisha mkutano nitakaa mbele kabisa na wabeba mawe wenzangu, na nitanyoosha mkono. Usije ukaniletea kiti. Usiwaambie watu "huyu ni bibi yangu" ili wacheke yaishe. Nitakuuliza mbele yao mmefikia wapi, na wewe utajibu, na uwe umeshika sahani.

Shikamoo yako nitaiitikia baada ya jibu.

Ni mimi bibi yako, ambaye walimlenga wakamkosa.